Mama Hajawahi Kukataa Chai

Oldersiel, 4 Machi 2016

Mdogo wangu Okko,

Usishtuke kwa unene wa bahasha, hakuna aliyekufa. Naandika kwa sababu ya kiapo chetu. Tangu ile siku baada ya maziko ya Baba, tulipokatiana simu mara tatu ndani ya saa moja, tulikubaliana kwamba mambo mazito yatapita kwenye karatasi, ambako mtu hawezi kupaza sauti. Hili ni zito.

Siwezi tena kukaa na Mama peke yangu. Nimeshaandika na sifuti. Wiki iliyopita alitoka asubuhi na gauni la kulalia, anakwenda kukamua ng'ombe. Ng'ombe tuliuza mwaka tisini na nane. Nilimkuta ndani ya mtaro, maji yanamfika magotini, ananigombeza mimi kwamba nimechelewa kuleta ndoo. Kumtoa mama wa kilo sabini kwenye mtaro si kazi ya mwanamke wa miaka sitini, na nyonga yangu inanisimulia habari hizo mpaka leo.

Kitu kimoja tu hakijamtoka: chai. Saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, kila siku ya Mungu. Jina langu humpotea, lakini mikono haikosei. Donge la sukari ya mawe chini, chai ya moto juu yake mpaka sukari ipasuke na kulia, malai ya maziwa pembeni kidogo, na ole wako ukoroge. Unamkumbuka mkeo siku ya kwanza ulipomleta? Vikombe kumi na moja! Maskini Sabine, binti wa Stuttgart, kusini kabisa mwa Ujerumani, hakuna aliyemwambia kwamba mgeni akishatosheka anatia kijiko ndani ya kikombe, na asipokitia, Mama anamimina tu. Na wewe umekaa pale unacheka, shetani mkubwa. Mama anamsifu mpaka leo.

Kwa hiyo tunatafuta nyumba ya wazee. Zipo mbili zenye nafasi. Moja ni mpya, mjini, kuta zake vioo vitupu, naiita Kioo. Nyingine ni ile ya matofali mekundu nyuma ya kanisa, unayoijua tangu utotoni. Hiyo ni Tofali. Kazi yako wewe ni kupima vitu. Basi pima. Nataka jibu kabla ya Pasaka, kwa sababu mwisho wa mwezi nina kisafari.

Dada yako,
Taalke


Stuttgart, 8 Machi 2016

Dada Taalke,

Nimepima. Nimekuambatishia jedwali la kurasa nne, tafadhali usilifungie samaki.

Unajua kiwandani mimi nakagua beringi za mashine. Beringi mbovu haiwezi kunidanganya kwa tabasamu wala kwa maua mezani. Ina namba yake, basi. Wakaguzi wa nyumba za wazee nao wanafanya vivyo hivyo. Wanaingia bila taarifa, wana vigezo hamsini na tisa, wanatoa alama, na alama inabandikwa mlangoni. Moja ni bora, tano ni aibu, kama tulivyokuwa shuleni. Kioo imepata 1.0. Tofali imepata 2.6. Taalke, 2.6! Nyumba nyingi nchi hii ziko karibu na moja. Kuifikia 2.6 lazima mtu ajitahidi.

Nimeisoma ripoti ya Tofali mpaka mwisho. Wameandikiwa hivi: "Unywaji wa wakazi hauwekewi kumbukumbu." Maana yake hawajui nani kanywa nini. Mama atoke kwako akaishi na watu wasiojua kama amekunywa? Kioo wanaandika kila mililita. Tena Kioo kuna chumba cha peke yake, bafu lake, na dirisha la kusini.

Nimemaliza. Na hicho kisafari ni cha wapi? Hujawahi kupita Bremen, na Bremen yenyewe ulirudi siku ileile, ukasema chai yao ni maji ya kuoshea vyombo.

Mdogo wako,
Okko


Oldersiel, 13 Machi 2016

Okko,

Nimekwenda kote kuwili, bila taarifa, kama hao wakaguzi wako.

Nilianza na Tofali. Mlangoni unapokewa na harufu ya kabichi. Lifti ina karatasi ya "haifanyi kazi", na karatasi yenyewe imeshageuka manjano. Wazee wanne walikuwa mezani wanabishana juu ya mtu aliyekufa mwaka sitini na moja, na katikati yao amekaa mtunzaji mmoja mnene, anabisha kuliko wote. Nikauliza msimamizi ni nani. "Ni mimi, Hilke," akasema, "ila ngoja kwanza nimmalize huyu." Vyumba vya mtu mmoja vimejaa. Mama angelala na mwenzake.

Kisha Kioo. Samaki wa rangi kwenye tangi, sakafu ya kujitazamia uso, na meneja, Bi. Brandstetter, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Dirisha kweli ni la kusini. Nilijaribu kile kitanda kinachopanda na kushuka kwa kubonyeza, nikatamani nibaki mimi.

Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kukubishia, mdogo wangu. Sina hata moja. Umeshinda. Mwenye mamlaka ya kusaini kwa niaba ya Mama ni mimi, na nimesaini: wanampokea tarehe 29, wiki nne za majaribio.

Nimemwahidi Mama dirisha lake mwenyewe. Akasema, "Dirisha ni jambo jema. Na chai atamimina nani?" Nikamwambia watamimina wao. Alinitazama kana kwamba nimemwambia watamnyoa nywele.

Taalke


2 Aprili 2016

Okko,

Mama yuko Kioo tangu Jumanne. Nilimpeleka mwenyewe, amevaa kofia yake ya kanisani, akamsalimia kila samaki kwenye tangi. Wanasema anazoea. Nisamehe mwandiko, naandikia mapajani. Nimechoka kidogo, usiniulize mengi.

T.


Stuttgart, 6 Aprili 2016

Dada,

Mambo mawili.

La kwanza. Nimewaomba Kioo karatasi zao za kila siku, na Bi. Brandstetter ananitumia kwa faksi, kwa mpangilio wa kupendeza. Vinywaji vya Mama: Jumatano 620, Alhamisi 570, Ijumaa 540, Jumamosi 490, Jumapili 410, Jumatatu 380. Lengo lao wenyewe ni 1,300. Na kila siku, saa tano na saa tisa, kwenye mstari wa chai, neno moja: "Amekataa." Nimelisoma mpaka macho yakauma. Mama, akatae chai? Kiwandani namba zikishuka siku sita mfululizo tunazima mashine.

La pili. Bahasha yako ina muhuri wa Oldenburg, na hukuandika mahali kabla ya tarehe. Tena karatasi uliyotumia ina mistari ya kuandikia joto la mgonjwa kwa nyuma. Mimi ni mkaguzi, Taalke. Uko wapi?

Okko


Oldenburg, hospitali, 9 Aprili 2016

Haya Okko, umenikamata.

Nimebadilishiwa nyonga tarehe 31 Machi. Ile ya zamani ilikuwa imekwisha, daktari aliniambia tangu mwaka jana, na siku ya mtaro ikaimalizia. Sikukuambia kwa sababu ungesema Mama aje Stuttgart, na Mama akifia Stuttgart ataniandama mpaka kaburini. Hilo ndilo nililokuwa najiambia. Ukweli wenyewe ni kwamba niliona aibu. Namtoa Mama nyumbani kwake kwa sababu ya mguu wangu mimi. Sikutaka mtu yeyote alijue hilo, hata wewe.

Sijamwona tangu tarehe 29. Leo nimepiga simu Kioo. Wanasema analala mchana kutwa, akiitwa haitiki, na huenda ugonjwa "umepiga hatua". Ijumaa daktari anakuja kuamua kama atiwe maji kwa mrija. Waliniambia kwa upole sana, Okko, kama watu wanaokuandaa kwa jambo.

Mimi sikubali. Mama hajawahi kukataa chai. Siku Baba alipofariki alikunywa kwanza vikombe vyake vitatu, ndipo akalia. Kuna kitu pale ndani na hatukioni, si mimi wala jedwali lako.

Mimi sitoki hapa wiki hii wala ijayo, wananifundisha kutembea kama mtoto. Wewe una miguu miwili mizima. Chukua likizo, nenda, kaa pale saa tisa alasiri, kisha uniandikie ulichokiona. Ulichokiona tu. Unachokifikiri nakijua tayari.

Dada yako,
Taalke


Oldersiel, 12 Aprili 2016

Dada Taalke,

Nimefika. Nimelala kitandani kwako. Godoro lako ni baya, sishangai habari za nyonga.

Kule Kioo nilimpita Mama ukumbini bila kumjua. Nilikuwa namtafuta mama yangu, nikampita bibi mdogo mkavu aliyelalia bega moja. Midomo imepasuka. Nilipomwita alifumbua macho, akasema, "Makopo ya maziwa yako nje," akayafumba tena. Ninakuandikia ulichoniomba, ninachokiona tu, kwa sababu nikianza kuandika ninachohisi sitamaliza.

Saa tisa kamili. Msichana mtunzaji anasukuma toroli. Anatoka Dresden, ana miezi miwili hapa, mpole, anawaita wote kwa majina. Vikombe ishirini na vinne. Chai imeshamiminwa jikoni, sukari na malai vimeshatiwa na kukorogwa. Hakuna visahani, maana toroli likitikisika vinavunjika. Kila kikombe kina kijiko chake ndani. Safi, haraka, hakuna tone lililomwagika.

Saa tisa na dakika nne. Anaweka kikombe mbele ya Mama. "Chai yako hiyo, Bibi Geeske." Mama anafumbua macho, anakitazama. Anatabasamu, Taalke! Anasema, "Asante mwanangu, ilikuwa nzuri sana." Anakisukuma kando kwa vidole viwili.

Saa tisa na nusu. Msichana anarudi, anaona kikombe kimejaa, anaandika: "Amekataa."

Sikuona uzembe wala ukali. Nilikaa nikatafuta kosa nikalikosa. Mwisho nikamnyanyulia kikombe mwenyewe mpaka mdomoni. Akaufumba, akanikasirikia kwa lugha yetu ya nyumbani: "Nimeshatosheka bwana, huoni?" Mtu hajagusa hata tone, anasema ametosheka. Taalke, naogopa Kioo wanasema kweli. Naogopa akili imeshakwenda, na tunachobishania ni mrija tu.

Ijumaa saa tatu daktari atakuja. Niambie nimjibu nini.

Okko


Oldenburg, 13 Aprili 2016

OKKO, KIJIKO!

Miaka thelathini Stuttgart imekugeuza Sabine! Umekiona kwa macho yako mawili, umekiandika kwa mkono wako, na hukukiona. Wanamletea kikombe chenye kijiko ndani. Kwa Mama hicho ni kikombe cha mtu aliyekwisha kunywa. Mara mbili kwa siku wanamwekea mezani "nimetosheka, asante," naye kwa adabu zake anaitikia. Ulitaka akinywe? Mbele za watu, kama mroho?

Nimekupigia simu mara nne, kiapo nimekivunja, ila huko nyuma ya tuta la bahari simu yako haishiki, na ile ya nyumbani niliikata tangu Mama aanze kuwapigia kiwanda cha maziwa waje kuchukua makopo. Nimewapigia Kioo pia. Wamesema hoja yangu wataifikisha kwa mhusika wa ubora. Mhusika wa ubora, Okko! Basi barua hii inakwenda kwa haraka, na utakuwa nayo kesho kabla ya mchana.

Sikiliza. Buli liko kabati la juu. Vikombe vya waridi viko nyuma yake, chukua na visahani vyake. Sukari ya mawe imo kwenye bati la bluu. Funga kila kitu kwa taulo. Malai yanunue mapya, yale ya kwenye jokofu yana umri wa nyonga yangu mpya. Saa tisa weka mezani, kijiko KWENYE KISAHANI, kisha usiguse kitu. Usimimine. Mpe buli yeye.

Taalke


Oldersiel, 14 Aprili 2016

Vitatu, Taalke.

Mikono ilimtetemeka, nusu ya chai ikaenda mezani, nami nikajizuia nisimsaidie mpaka nikajiuma ulimi. Alitia sukari. Alimimina, akainamisha sikio kusikia ikilia. Akanimiminia mimi kwanza, kwa kuwa mimi ni mgeni. Kisha chake. Cha kwanza alikimaliza sijahesabu hata dakika mbili. Cha pili, cha tatu. Halafu akatia kijiko kikombeni, akaegemea kiti na kuniuliza Sabine hajambo. Kwa jina.

Jioni alikunywa na maji na supu. Karatasi ya leo inasema 1,150, na kesho daktari akija ataikuta.

Msichana wa Dresden alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtoka. "Mbona hakuna aliyeniambia?" akasema. Nikamwambia mimi nimezaliwa hapa na nilihitaji kuambiwa na dada yangu kwa herufi kubwa. Kisha nikaenda chooni nikalia na mimi. Sikufichi.

Leo hii hii nimemwandikia Bi. Brandstetter. Nimeomba kitu kimoja tu, kijiko kitoke kikombeni.

Okko


18 Aprili 2016

Kwa Bw. Okko Saathoff,

YAH: UTOAJI WA VINYWAJI KWA MKAZI BI. GEESKE SAATHOFF

Tunashukuru kwa barua yako na kwa jinsi unavyomjali mzazi wako. Tumefurahi kuona hali ya mkazi imetengemaa.

Kuhusu ombi lako, naomba kukufahamisha kwamba vinywaji hutolewa kwa utaratibu mmoja katika nyumba zetu zote, na kijiko huwekwa ndani ya kikombe kwa sababu za usafi na usalama wa toroli. Aidha, wakazi hawaruhusiwi kushika buli lenye kitu cha moto. Buli la familia yako limehifadhiwa ofisini, unaweza kulichukua wakati wowote wa kazi.

Hata hivyo tunathamini sana desturi za eneo hili. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi huwa tunaandaa Alasiri ya Desturi, ambapo chai hutolewa katika vikombe vya waridi.

Ningependa pia kukuhakikishia kwamba unywaji wa mkazi umekuwa ukiwekewa kumbukumbu kamili kila siku tangu alipowasili.

Wako katika huduma,
G. Brandstetter
Meneja


Oldersiel, 19 Aprili 2016

Dada,

Nakuambatishia barua ya Brandstetter, isome ukiwa umekaa. Sentensi ya mwisho nimeisoma nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Anasema kweli. Waliandika kila kitu. Siku kumi na sita wameandika mama yetu anavyokauka, kwa mwandiko mzuri, na kwa kuandika hivyo wamepewa 1.0. Na mimi ndiye niliyekuambia hiyo namba inatosha.

Jana nimekwenda Tofali. Kabichi, kweli. Lifti, kweli. Nilimbana Hilke kuhusu vinywaji visivyoandikwa. Akasema, "Bwana, mimi nakaa nao mezani. Asiyekunywa namwona usoni. Anayetosheka anatia kijiko, sasa niandike nini?" Nikamuuliza siku ambayo hayupo, nani anawaona usoni? Akajikuna shingo. "Hapo umenipata." Nikamwambia Mama akija hapa ataandikiwa, na nitakuja kuzisoma hizo karatasi mwenyewe. Akasema, "Basi ichore hiyo karatasi sasa hivi, si una kalamu nne mfukoni." Nikaichora pale pale. Ina safu tatu tu.

Nakuambia na mabaya yote, nisije nikakuuzia tena. Chumba ni cha watu wawili. Mwenzake ni Bibi Foelke, miaka tisini na mmoja, hasikii vizuri na anakoroma kama trekta. Dirisha linatazama ukuta wa kanisa. Bafu liko ukumbini. Na mezani saa tisa kulikuwa na buli la udongo juu ya mshumaa wake wa kulitunzia joto, na wanamimina wenyewe, mmoja amevaa glavu za jikoni kwa ajili ya moto.

Nafasi ni moja, na wanaishikilia mpaka Ijumaa saa sita mchana. Sahihi ni yako. Safari ile nilichagua mimi, na nilichagua vibaya. Safari hii chagua wewe, nami nitabeba masanduku.

Okko


Oldenburg, 20 Aprili 2016

Okko,

Acha kujilaumu, hukuchagua wewe peke yako. Nani alijilaza kwenye kile kitanda cha kubonyeza?

Nimekaa na fomu mapajani saa nzima. Kilichonizuia ni dirisha. Nilimwahidi Mama dirisha lake mwenyewe, na sasa nampa ukuta wa kanisa na trekta. Halafu nikakumbuka kwamba hakuniomba dirisha. Aliniuliza chai atamimina nani, nami nikamjibu kama Brandstetter.

Fomu hii hapa, nimesaini. Ipeleke kwa mkono wako, usiitie kwenye sanduku la barua, na usiondoke mpaka Hilke aipige muhuri mbele yako. Lichukue buli letu kule ofisini. Muage yule msichana wa Dresden vizuri, umwachie donge la sukari ya mawe, na umwonyeshe jinsi inavyotiwa, maana vikombe ishirini na vitatu vingine bado vipo pale. Na huyo Hilke mwambie lifti itengenezwe, au nitakwenda na magongo yangu kwa wakaguzi wako wamshushe mpaka tatu.

Mvishe Mama kofia yake ya kanisani. Akiuliza anakwenda wapi, mwambie anakwenda kunywa chai.

Dada yako,
Taalke


Oldersiel, 14 Mei 2016

Mdogo wangu,

Jana nimerudi nyumbani, na leo nimekwenda Tofali kwa magongo. Dakika arobaini kwa njia ya dakika kumi. Watu walinisimamishia magari matatu, nikawafukuza wote. Niliazimia kuingia kwa Mama kwa miguu yangu.

Karatasi yako iko mlangoni mwa chumba chake, haina pengo hata moja, jana kanywa 1,420. Hilke anaiita Biblia ya Okko. Sasa anawaandikia na wengine, ananung'unika tu akiandika. Lifti bado. Mama amepata mashavu.

Niliwakuta mezani, yeye na Foelke, wamekaa huku na huku ya buli kama walinzi wa mlango. Mama akainua macho. "Karibu, mgeni. Umetoka mbali?"

Nikasema, "Nimetoka Oldenburg."

"Lo, mbali kweli. Basi kaa, utakunywa."

Hakunijua, Okko. Wiki sita tu. Nilijua siku hiyo inakuja, nilikuwa nimejiandaa, na kujiandaa hakukunisaidia kitu. Foelke alinivutia kiti kwa mguu wake, nikakaa.

Mama akanimiminia. Sukari ikalia. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Baada ya cha tatu akatulia, buli mkononi, anautazama mkono wangu. Kijiko kilikuwa kwenye kisahani. Nilijua nikikitia tu kikombeni ataniambia asante kwa kuja, nitakuwa nimeshaaga, na sikuwa tayari kumuaga mama yangu nikiwa mgeni wa kutoka Oldenburg. Nikakiacha pale pale. Akamimina cha nne. Akamimina cha tano.

Foelke akashindwa kuvumilia. "Huyu mama anakunywa kama ng'ombe!"

Mama akamwinamia sikioni, akanong'ona kwa ule mnong'ono wake unaosikika mpaka kanisani: "Mwache anywe. Mkwe wangu wa Stuttgart naye alikuja hivyo hivyo, hana adabu hata kidogo, na sasa ni mtu wetu."

Nilifika kumi na viwili. Mwambie Sabine nimemshinda. Buli ndilo lililoisha, si mimi, na Mama akanishika mkono akasema, "Kesho urudi, tutachemsha tena."

Kesho narudi. Nanyi njooni Jumamosi, wewe na Sabine, na tafadhali njiani msinywe chochote.

Dada yako,
Taalke